"Kindly revert": kwa nini mteja wa Uingereza alielewa kitu kingine

Swali hili limetoka kwa msomaji anayefanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, Mombasa. Nalifupisha:

"Mwalimu, shikamoo. Jumatatu tulimpa mteja wetu wa Uingereza bei ya kutoa kontena zake mbili bandarini, na katika baruapepe hiyohiyo tukamuuliza maswali kuhusu hati za mzigo. Alhamisi gharama zilipanda, tukamtumia bei mpya. Akanyamaza. Ijumaa nikamwandikia: 'Kindly revert to our email of Monday.' Nilitaka atujibu yale maswali. Baada ya saa moja akajibu kwamba anashukuru sana kuona tumerudi kwenye bei ya Jumatatu. Bosi amekasirika. Nimekosea wapi, na mbona ofisi nzima tunaandika 'revert' kila siku na hakuna aliyewahi kulalamika?"

Marahaba. Ulichofanya ni kutumia neno lenye maana mbili kwa mtu anayeijua moja tu. Kwako na kwa wenzako ofisini, "revert" ni "jibu". Kwa Mwingereza yule, "revert" ni "rudi kwenye kile cha kwanza". Sasa yeye alikuwa na bei mbili mezani, ya Jumatatu na ya Alhamisi, halafu anaandikiwa arudi kwenye barua ya Jumatatu. Ukijiweka mahali pake utaona kwamba hata hakutafuta ujanja. Alisoma Kiingereza alichokijua tangu utotoni, akafurahi.

Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kurudi katika hali, tabia, mada au miliki ya awali. Tazama jina la nchi ya Kongo. Mwaka 1971 Mobutu aliibadilisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa Zaire. Mwaka 1997, Laurent Kabila alipoingia Kinshasa, nchi ikachukua tena jina la zamani. Mwandishi wa Kiingereza atasema: "In 1997 the country reverted to its former name." Hapo neno limetimiza masharti yake yote. Palikuwa na jina la kwanza, likaja la pili, kisha la kwanza likarejea. Kama nchi ile ingechukua mwaka 1997 jina jipya kabisa ambalo haijawahi kuwa nalo, "revert" isingefaa, ingebidi kusema "changed". Kwa hiyo kila unapotaka kuandika neno hili, jiulize kwanza: ni hali gani ya zamani inayorudi? Usipoiona, tafuta neno jingine.

Chimbuko lake ni Kilatini, "revertere", ambalo limeunganishwa na "re-", yaani nyuma au tena, na "vertere", yaani kugeuka au kugeuza. Lilipita katika Kifaransa cha kale, "revertir", likaingia Kiingereza mnamo mwaka 1300 hivi. Nawapenda sana watoto wa "vertere", na kwa mzungumzaji wa Kiswahili wanafundisha jambo. Kiswahili huongeza viungo nyuma ya mzizi: geuka, geuza, geuzia, geuzana. Kilatini kiliviweka mbele: "convert", kugeuza kuwa kitu kingine, "invert", kugeuza juu chini, "divert", kugeuza njia, "avert", kugeuza shari ipite kando, "subvert", kupindua kutoka chini. "Anniversary" ni kugeuka kwa mwaka. Hata "vertigo", lile tatizo la kichwa kuzunguka, limetoka humo humo, kama sisi tulivyolitoa neno "kizunguzungu" katika kuzunguka. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, na zote zikamwangalia mgonjwa yuleyule zikasema: huyu anaona dunia inageuka.

Ndugu wa karibu zaidi wa "revert" ni "reverse", na huyo tayari unamjua kwa Kiswahili: dereva anapiga rivasi. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana. "Reverse" ni kitendo cha mtu juu ya kitu. Dereva anarudisha gari nyuma, mahakama ya rufaa inatengua hukumu: "The court reversed the decision." Lakini "revert" kwa desturi haihitaji mkono wa mtu. Kitu kinarudi chenyewe.

Hilo la kurudi chenyewe nililijifunza kwa kuaibika kidogo. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilipewa mkataba wa kukodi kiwanja niutafsiri kwa Kiswahili. Kifungu kimoja kilisema kwamba muda ukiisha, "the premises shall revert to the lessor". Nikaandika: mpangaji atamrudishia mwenye kiwanja. Wakili mzee aliyeipitia kazi yangu aliniita, akaweka kidole juu ya neno lile, akaniuliza: "Mpangaji akikataa kurudisha, je, kiwanja kitabaki chake?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini umemfanya yeye ndiye mrudishaji?" Alikuwa na haki. Katika Kiingereza cha sheria, kiwanja hakingoji hiari ya mpangaji. Siku ya mwisho ikifika, haki inarudi kwa mwenyewe hata kama mpangaji amelala ndani na mlango ameufunga. Nikasahihisha: "miliki ya kiwanja itarejea kwa mwenye kiwanja". Herufi chache tu, "rudisha" na "rejea", lakini kesi nzima inaweza kuamuliwa na herufi hizo.

Na sheria ndiyo iliyolilea neno hili. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana na mahakama walitumia Kifaransa kwa muda mrefu sana, hata mwaka 1362 ikabidi itungwe sheria ya kutaka kesi zisemwe kwa Kiingereza. Kufikia hapo msamiati wa ardhi ulikwisha kuota mizizi ya Kifaransa. Bwana alimpa mtu shamba alitumie maisha yake yote. Yule akifa, shamba lilirudi kwa bwana au kwa warithi wa bwana. Haki ile ya kungojea shamba lirudi ikaitwa "reversion", nayo ni mali kamili, inauzwa na kurithiwa, ingawa mwenye nayo haruhusiwi kulima hata tuta moja kwa sasa. Angalia pia tahajia: nomino ni "reversion", kwa "s". Nimeona "revertion" katika barua za watu wasomi kabisa. Neno hilo halipo.

Sisi Kenya neno hili limetugusa mpaka kwenye Katiba. Wakoloni, kwa Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915, waliweka ukodishaji wa mashamba wa hadi miaka 999. Piga hesabu: shamba lililotolewa mwaka huo lingerejea kwa mwenyewe mwaka 2914. Kurudi kwa namna hiyo kupo kwenye karatasi tu. Hakuna mjukuu wala kitukuu atakayekuwapo kukushuhudia. Katiba ya 2010 ikaja na kusema kwamba asiye raia atamiliki ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Vipi kuhusu wageni waliokuwa tayari na umilki usio na ukomo? Jedwali la Sita, kifungu cha 8, linasema umilki huo "shall revert to the Republic of Kenya", ushikwe kwa niaba ya watu wa Kenya, na mwenye shamba apewe ukodishaji wa miaka 99 kwa kodi ya jina tu, ile ambayo wanasheria wa Kiingereza huiita kodi ya punje ya pilipili manga.

Soma tena maneno hayo manne ya mwanzo, "shall revert to the". Waandishi wake wangeweza kuandika kwamba serikali itachukua, au itapewa, au itanunua. Wakachagua "revert", na uchaguzi huo una madai ndani yake: kwamba ardhi ile ilikuwa ya watu wa Kenya tangu mwanzo, na sasa inarudi ilikotoka. Kitenzi kimoja kinabeba historia ya malalamiko ya zaidi ya nusu karne. Sasa mfikirie mtu aliyezoea kwamba "revert" ni "jibu", anaketi kusoma kifungu kile. Ndiyo maana swali lako nimelichukulia kwa uzito. Si suala la adabu za baruapepe tu.

Turudi ofisini kwako. Hiyo maana ya kujibu imetoka wapi? Hamkuibuni nyinyi. Imetapakaa India, Malaysia na Singapore, na kamusi za Oxford za siku hizi zinaiorodhesha, zikiitia alama kwamba ni Kiingereza cha India. Tena wewe uko kwenye biashara ambayo imelizoea kuliko nyingine yoyote: madalali wa meli na wakodishaji wa vyombo huandikiana "please revert" kutwa kucha, hata walioko London. Kwa hiyo bosi wako inawezekana kabisa alilipata kwa wenye meli, na wenye meli wanaelewana vizuri. Shida imeanza lilipotoka kwa watu wa meli likaenda kwa mwenye mzigo, ambaye ni mfanyabiashara wa kawaida huko kwao.

Njia liliyopitia naiona hivi. Kiingereza cha mazungumzo kina "I will get back to you", nitarudi kwako na jibu. Mtu anayeandika barua rasmi anaona "get back" ni maneno ya barazani, anatafuta neno la suti na tai lenye maana ya kurudi, anakutana na "revert". Likakaa. Na kwetu sisi lilikuta mlango umeshafunguliwa na Kiswahili chenyewe. Si tunasema "nitakurudia kesho" tukimaanisha nitakupigia au nitakujibu? Na "rejea" yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, ina sura zote mbili: mtu anarejea nyumbani, na karani anaandika "rejea barua yetu ya tarehe 3". Mswahili anapoandika "revert to our email" kichwani mwake anasikia "rejea barua yetu", na sentensi inamkaa sawasawa. Kosa lako, kama ni kosa, limetoka kwenye Kiswahili kizuri.

Je, ni kosa? Kuna walimu watakaokuambia ni kosa moja kwa moja, likomeshwe. Mimi siendi nao mpaka huko. Neno likitumiwa na mamilioni ya watu wanaoelewana, na kamusi ikaliandika, kulipigia kelele ni kupoteza sauti. Ukimwandikia mwenzako wa Nairobi au wakala wa Mumbai "please revert", atakujibu, na kazi itaendelea. Lakini nasimama imara kwenye mambo mawili. La kwanza, usilitumie kwa maana ya kujibu mbele ya mtu usiyejua amekulia Kiingereza gani. "Reply" ipo, ni fupi zaidi, na haijawahi kumpoteza mtu. La pili, katika mkataba, wosia, hati ya ardhi au barua yoyote yenye bei ndani yake, "revert" ibaki na maana yake ya kale peke yake. Katika karatasi hizo daima kuna hali ya kwanza na ya pili, bei ya zamani na mpya, mmiliki wa jana na wa leo, kwa hiyo maana ya kurudi iko tayari kurukia sentensi yako. Kwako ilirukia.

Kuhusu kulitumia sawasawa, jambo kubwa ni "to". Kitu kinarudi "to" hali fulani: "After the holiday she reverted to her old habits", baada ya likizo alirudia tabia zake za zamani. "Let me revert to what you said about demurrage", niruhusu nirudi kwenye ulilosema kuhusu malipo ya kuchelewesha meli. Hii ya kurudi kwenye mada ni safi na ya zamani, na Mwingereza yeyote ataielewa. "Revert me" iepuke, hata huko India wanaolitumia kwa kujibu kwa kawaida husema "revert to me". Tunaikosea kwa sababu kitenzi chetu "nijibu" hubeba mtendwa tumboni, tukadhani na chao kinaweza.

Halafu kuna "revert back". Ile "re-" tayari ni "back", kwa hiyo ni kurudi-nyuma nyuma. Kiswahili hatuoni tabu kusema "panda juu" na "shuka chini", na Waingereza wenyewe husema "revert back" wakiwa wamejisahau. Kwenye mazungumzo liache lipite. Kwenye maandishi rasmi likate.

Kuna uwanja mmoja ambako "revert" hupokea mtendwa bila tatizo, nao ni kompyuta. Ukiharibu picha kwenye iPhone, kuna kitufe cha "Revert" kinachoirudisha ilivyokuwa kabla hujaigusa. Waandishi wa programu wanaotumia Git, chombo cha kuhifadhi kila badiliko la kazi yao, wana amri yenye jina hilo, inayotengeneza badiliko jipya la kufuta athari za badiliko la awali. Wahariri wa Wikipedia nao "hu-revert" kazi ya mwenzao, na wana kanuni kwamba mtu asifanye hivyo zaidi ya mara tatu kwa ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Huko mtu anakirudisha kitu, hakirudi chenyewe. Ni matumizi halali ya fani ile. Wakulima wa maua nao wanalo, na hawa wameshika mila ya zamani: mmea wenye majani ya rangi mbili, kijani na nyeupe, wakati mwingine hutoa tawi la kijani kitupu. Mtunza bustani husema mmea "has reverted", umerudi asili, na hulikata tawi lile mapema kwa sababu lina nguvu kuliko mengine na litaumeza mmea mzima.

Msomaji wa pwani kama wewe huenda pia umelisikia misikitini, kwenye mawaidha ya Kiingereza. Waislamu wengi wanaozungumza Kiingereza hawapendi kumwita aliyesilimu "convert", humwita "revert". Hoja yao inatoka kwenye hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile ya asili ya kumwelekea Mungu. Kama kila mtu alizaliwa humo, basi anayetamka shahada ukubwani hakugeuka kuwa kitu kipya, amerudi alikotoka. Wapo Waislamu wasiolipenda neno hilo kwa sababu zao, lakini kilugha limetumika kwa umakini mkubwa: "con-" ni kugeuka kuwa kingine, "re-" ni kugeuka kurudi, na mzizi ni uleule. Matamshi yanabadilika kidogo. Likiwa nomino, mkazo uko mwanzoni, RE-vert. Likiwa kitenzi, mkazo uko mwishoni, re-VERT. Kiswahili hakikuhitaji mjadala huu, "kusilimu" kunatosha.

Na hilo "kindly" la mwanzo wa sentensi yako? Kwetu ni "tafadhali" yenye heshima. Kwa masikio ya Waingereza wengi lina ukali wa mwalimu mkuu aliyechoka kusubiri. Andika "please".

Sasa la kufanya leo, kabla mteja hajalipa bei ya Jumatatu. Usimlaumu kwamba alikuelewa vibaya, hakukuelewa vibaya. Mwandikie hivi: "My note of Friday was unclear, and I apologise. I was asking for your reply to the questions about the documents in our email of Monday. The rate that applies is the one we sent on Thursday. Please let us have your answer by noon on Wednesday." Maneno yote ni mepesi. Kilichokosewa kimetajwa, maswali yametengwa na bei, na siku imewekwa.

Mwonyeshe bosi wako barua hiyo kabla hujaituma, kwa sababu uamuzi wa bei ni wake. Akiona kwamba ni heri kupoteza faida kidogo kuliko kumpoteza mteja, futa sentensi ya bei uweke hii: "On this occasion we are happy to revert to Monday's rate." Hiyo iandike bila wasiwasi, maana palikuwa na bei ya kwanza, ikaja ya pili, na sasa ya kwanza inarejea.